Gundi ya jeli inayonata mpaka kwenye damu, ni kweli au video tu? Goti limenishinda wakuu

BodaWaKizuiani

Wakuu habari za jioni. Naomba wenye uelewa, manesi, watu wa kemia, yeyote anayejua anisaidie.

Wiki iliyopita niliteleza na pikipiki kwenye mchanga, namshukuru Mungu hakuna kilichovunjika ila goti la kulia limechubuka vibaya na pembeni kuna mchaniko kama urefu wa kidole gumba. Zahanati wakasafisha, wakasema huu sio wa kushona, wakafunga gozi na plasta nikarudi zangu home. Shida ni goti lenyewe jamani. Nikikunja kupanda pikipiki plasta inabanduka upande mmoja, nikinyoosha inajikunja, na jasho la Dar mnalijua, mpaka saa nne asubuhi plasta imeshahamia kwenye suruali. Juzi jioni navua suruali nakuta gozi liko huko chini kwenye kifundo cha mguu, abiria wangu wa siku nzima sikujua. Nimebadilisha plasta aina tatu, ile ya kitambaa ndo inashika lakini ukiibandua inaondoka na malaika yote na ngozi ya juu.

Sasa binamu yangu kanitumia video. Kipande cha kitu kama jeli, wanakivuta kinarefuka kama mpira wa manati, wanakikata na mkasi, wanagusanisha vile vipande vinajiunga kama havijawahi kukatwa, halafu mwisho wanakibandika kwenye moyo wa nguruwe unaotoka damu na hakibanduki. Wanaita haidrojeli inayojiponya. Hii kitu ipo kweli? Inapatikana famasi? Na inaponya kidonda au inajiponya yenyewe, maana hapo sijaelewa. Na kama haipo, kuna jamaa kijiweni ananiambia nitie supagluu tu yaishe, eti hata wanajeshi wa Marekani walitumia vitani.

MzeeWaKahawa

Moyo wa nguruwe haupandi bodaboda mkuu 😂 Ngoja wataalamu waje, mi nakaa hapa.

Kisauni_Viatu

Ndugu yangu usitie supagluu hapo, nakuomba. Mimi ni fundi wa viatu hapa Mombasa, vidole vyangu vimegandana na hiyo kitu mara nyingi kuliko naweza kuhesabu. Ikikutana na unyevu inaganda papo hapo na inatoa moto, siku moja ilimwagika kwenye kitambaa cha pamba nilichokuwa nimeshika na nikakirusha mbali, kilikuwa kinafuka moshi. Na ikishaganda inakuwa kama kioo. Sasa fikiria kioo juu ya goti, ukikunja mara moja tu, tap, imepasuka na makali yake yameangalia kidonda. Hata soli ya kiatu pale inapokunjika hatutii hiyo, tunatia ile gundi ya mpira.

NesiZamuYaUsiku

Kisauni umeniwahi, na mfano wa soli nitauiba.

Kaka BodaWaKizuiani, kwanza kabisa, ulichomwa sindano ya pepopunda? Hujasema. Umeanguka barabarani, mchanga umeingia kwenye kidonda, kama hukuchomwa au hukumbuki ulichomwa lini mara ya mwisho, kesho asubuhi rudi zahanati, usingoje majibu ya humu.

Habari ya wanajeshi ni kweli lakini imekatwa mkia. Ile gundi iligunduliwa kwa bahati 1942, Harry Coover na wenzake wa kampuni ya Kodak ya Marekani walikuwa wanatafuta plastiki angavu ya kulengea bunduki, wakapata kitu kinachoganda na kila kinachogusa. Vita vya Vietnam ilipulizwa kama spreyi kwenye majeraha kusimamisha damu mpaka majeruhi afike hospitali. Mtu anakufa kwa kutoka damu, hapo hujali kama gundi inachoma ngozi. Iliyoko hospitali leo ni ndugu yake, molekuli yake ina mkia mrefu zaidi ndio maana haiunguzi sana, Marekani waliiruhusu kwa ngozi 1998. Na hata hiyo ya hospitali, maelekezo yake yanasema usitumie kwenye goti, kiwiko wala vifundo vya vidole, labda kiungo kiwe kimefungwa kisikunjike kabisa. Sasa kama ile ya hospitali inakimbia goti, ya dukani ndo itaweza?

Haidrojeli famasi zipo kaka, ila sio hiyo ya kwenye video. Zipo za tyubu na zipo kama karatasi laini, kazi yake ni kulainisha kidonda kikavu, nyingi hazishiki vya kutosha, juu yake unafunga bandeji kama kawaida. Na kidonda kinachotoa majimaji usikiwekee hiyo, utakiongezea maji kwenye maji. Ukishapimwa moyo kwa ile mashine ya nyaya, ule ubaridi unaonata katikati ya kile kibandiko cha kifuani, mara nyingi nao ni haidrojeli, ya aina nyingine. Kwa hiyo huenda imeshakunata hukujua.

Kwa sasa fanya hivi. Ukifunga goti, LIKUNJE NUSU kwanza ndio ubandike. Watu wote wanabandika mguu umenyooka halafu wanashangaa. Ngozi ya goti ikikunjwa inavutika sana na plasta haivutiki, lazima mmoja ashindwe. Weka gozi lile lisilonata kwenye kidonda, kausha jasho pembeni vizuri, kisha bandeji ya kuvutika uizungushe juu na chini ya goti kama namba 8, usikaze mpaka vidole vife ganzi. Ukibandua plasta usiinyanyue juu, ilaze kwenye ngozi uirudishe nyuma taratibu huku kidole kingine kinashikilia ngozi, paka mafuta kidogo kwenye ukingo. Malaika yako yatabaki.

BodaWaKizuiani

Dada nesi asante sana, sindano sijachomwa na wala hawakuniuliza, kesho naenda. Kumbe kosa langu nilikuwa nafunga mguu umenyooka kitandani! Lakini bado nataka kujua ile video, ni uongo?

Mwl_Kemia

Sio uongo mkuu, ila nina wasiwasi video yako ni mbili zilizounganishwa, nitakwambia kwa nini.

Nafundisha kemia sekondari. Haidrojeli ni nyuzi ndefu za polima, yaani molekuli zilizoungana kama mnyororo, zilizofungana kama wavu, maji yamenasa humo ndani. Unazijua tayari, ile jeli ya ndani ya pampasi iliyolowa ni haidrojeli, lenzi laini za macho ni haidrojeli. (Hizo lenzi zina kisa, Otto Wichterle wa Czechoslovakia alitengeneza mashine yake ya kwanza ya kuzimwaga nyumbani kwake, Krismasi ya 1961, kwa vyuma vya kuchezea vya wanawe na dainamo ya baiskeli. Nje ya mada, nimeshindwa kujizuia.)

Sasa kujiponya. Jeli inajiponya yenyewe, sio wewe, hapo ulihisi sawa. Umeshakula mlenda? Ukitenganisha kwa kidole unarudi kuwa kitu kimoja, hauna kumbukumbu kwamba ulikatwa. Mwaka jana darasani nilichukua gundi nyeupe ya maseremala nikachanganya na maji ya boraksi, ile wanayotumia masonara na wachimbaji kuyeyushia dhahabu, ikawa donge linavutika kama chapati mbichi. Tukakata kwa wembe, tukagusanisha, baada ya dakika chache alama ya mkato hata kwa kuinamia huioni, darasa zima likapiga makofi. Halafu tukaisahau ukingoni mwa meza. Kipindi kinaisha, nusu yake iko sakafuni, imetiririka yenyewe polepole kama asali. Na ukilivuta donge lile ghafla linakatika, tap, ukilivuta taratibu halikatiki linarefuka tu.

Sababu ni moja. Vifungo vyake havishiki moja kwa moja, vinaachia na kushika tena, kama watu waliosimama kwenye daladala wanavyobadilisha mikono kwenye bomba. Ukikata, mikono iliyobaki wazi inatafuta wa kushika na jeli inaungana. Lakini mkono unaoachia wenyewe hautaweza kushikilia moyo unaopiga. Kile kile kinachoiwezesha kujiunga ndicho kinachoifanya imwagike. Hapo ndipo watu wa maabara wanapopasuka vichwa mpaka leo, wanataka laini na ngumu kwenye kitu kimoja.

Ile ya moyo wa nguruwe ni nyingine. Ilitoka chuo kikuu cha Harvard, Marekani, 2017, msingi wake ni jeli waliyotangaza 2012 ambayo karibu 90% ni maji matupu lakini inavutika zaidi ya mara 20 ya urefu wake. Wameweka nyavu mbili ndani ya moja. Wavu wa kwanza ni alijineti, kitu kinachotoka kwenye mwani wa kahawia, umefungwa na kalsiamu, huu unaachia kirahisi. Wa pili ni poliakrilamaidi, huu umefungwa kwa vifungo vya kudumu. Ukivuta, wavu wa kwanza unafunguka kifungo kimoja kimoja na kumeza nguvu yote ya kuvuta, wa pili unabaki kushikilia umbo. Ukiachia, kalsiamu inarudi kushika, ingawa inachukua muda na hairudi yote. Hiyo ndiyo kujiponya kwake, kwa ndani. Lakini ukiikata na mkasi mzimamzima, ule wavu wa pili ukishakatika umekatika. Kwa hiyo kipande kilichokatwa na kuungana, na kipande kilichoshika moyo, kwangu mimi sio kipande kimoja. Aliyeunganisha video ana mkono mzuri.

Kunata nako ni suala lingine kabisa, na hapa ndipo penye utamu. Tatizo sio kuvutika, tatizo ni maji. Jaribu kumshika kambale mwenye utelezi. Juu ya nyama mbichi kuna tabaka jembamba la maji au damu, gundi yako inagusa hayo maji, haigusi nyama. Harvard walijifunza kwa konokono mmoja asiye na gamba, Arion subfuscus, akitishwa anatoa ute anaganda nao pale pale, hata pakiwa na maji humng'oi kirahisi. Ute wake una vitu viwili, chaji chanya za umeme za kushika na mwili laini wa kumeza nguvu. Wakaiga, wakapaka katikati polima yenye chaji chanya kama kaitosani, inayotengenezwa kwa maganda ya kamba na kaa, nyuzi zake zinapenya kwenye nyama upande huu na kwenye jeli upande ule. Walitoboa moyo wa nguruwe, wakaziba, wakaujaza na kuupunguza kama unavyopiga, makumi ya maelfu ya mizunguko na kiraka kimekaa.

Chuo kingine cha Marekani, MIT, wao 2019 wakaja na akili ya pampasi. Wakatengeneza utepe MKAVU wa asidi ya poliakriliki, ndugu wa karibu sana wa ile chembechembe ya pampasi, ukiubandika kwenye nyama yenye maji unayanywa yale maji yote ya juu, unabaki uso kwa uso na nyama, na sekunde 5 umeshashika. Mimi hii ndo naipenda zaidi. Wenzao walikuwa wanapigana na maji, hawa wakaamua kuyanywa.

Sasa usikimbilie famasi. Kazi nyingi kati ya hizi zimefanyika kwenye panya na nguruwe, na kutoka hapo mpaka kwenye goti lako ni safari. Shida moja tu kwa mfano, jeli ikinywa maji inavimba. Ipo moja, DuraSeal, iliruhusiwa Marekani 2005 kuziba utando wa ubongo baada ya upasuaji, ikaja kuonekana kwamba ikitumika karibu na uti wa mgongo ule uvimbe wake unaweza kubana neva, mule ndani hakuna nafasi ya ziada.

MzeeWaKahawa

Mwalimu umetisha. Kwa hiyo pampasi ya mjukuu wangu na moyo wa nguruwe ni ukoo mmoja. Kahawa imeniishia nikisoma.

BintiWaPaje

Assalaam alaykum. Mwalimu, hapo uliposema mwani nikaacha kazi nikakaa kitako. Miye nalima mwani huku Unguja, mama yangu alilima, twafunga kamba kwenye mambo, vile vijiti vya kusimika, maji yakitoka, twarudi mgongo umekufa, na bei wajua mwenyewe. Sasa huo mwani wa hizo gundi ndio wetu huu? Maana miye napika mwani wa sabuni, siku nyingine sufuria lalala usiku, asubuhi nakuta limeganda latikisika kama nini, ukilikoroga layeyuka, ukiliwacha larudi tena kuganda. Nikawa najiuliza hii si kama hiyo ya kwenye video? Na jengine, samahani kama ni swali la kijinga, mwasema nguruwe nguruwe, hiyo gundi ikija huku kwetu itakuwa na nguruwe ndani yake?

Mwl_Kemia

Waalaykum salaam dada, wala sio swali la kijinga hata moja kati ya hayo.

Nguruwe kwenye majaribio ni wa kubandikiwa tu, kwa sababu viungo vyake vinakaribia vya binadamu kwa ukubwa. Ila ule utepe wa MIT waliutengeneza kwa namna mbili, mmoja una jelatini ndani na mwingine una kaitosani. Jelatini nyingi duniani inatoka kwa nguruwe au ng'ombe, kwa hiyo siku ikifika muulizeni daktari ni ipi, ni haki yenu. Ya kaitosani ni ya maganda ya kamba. Na tofauti nyingine, ya jelatini inayeyuka mwilini ndani ya siku au wiki chache, ya kaitosani inakaa muda mrefu zaidi. Asiyekula kamba kwa sababu anavimba midomo naye aseme mapema.

Mwani wako sasa. Alijineti inatoka kwenye mwani wa kahawia, kama ule unaotupwa ufukweni na mawimbi mnaukanyaga tu. Mnaolima nyinyi, spinosamu na kotonii, ni mwani mwekundu, huo unatoa karajinani, nayo ni ya kugandisha jeli. Lakini usiondoke kwenye kiti! Kotonii inatoa jeli ngumu inayovunjika, spinosamu inatoa jeli laini inayovutika, na sifa yake kubwa ndiyo hiyo uliyoiona kwenye sufuria, ukiikoroga inalegea ukiiacha inajiunga tena. Umeiona jikoni kwako kabla ya mimi kuisoma kwenye kitabu. Na wapo watafiti waliotoa alijineti kwenye ile nyavu mbili wakaweka karajinani ya kotonii mahali pake, ikavutika na kujirudi vizuri.

BintiWaPaje

Yaani spinosamu! Ile ambayo wanunuzi wakija watwambia haina thamani, kotonii ndio yenye bei, na kotonii yenyewe siku hizi maji yamepata joto yafa tu, yageuka meupe yakatika. Leo nikirudi pwani ntaitizama kwa jicho jengine, ingawa bei haitojua kuwa nimesoma.

Kisauni_Viatu

Swali kwa mwalimu. Vile vidude vyenye gamba vinavyoganda chini ya mashua, tunavikwangua na panga na bado vinabaki, hao pia maabara wamewaona?

Mwl_Kemia

Wamewaona bwana. Walewale wa MIT, 2021. Wale wadudu wanatoa kwanza mafuta yanayosukuma uchafu na maji pembeni, halafu ndio gundi inafuata. Wakaiga, wakatengeneza lahamu ya kusimamisha damu, chembe za kunata zimechanganywa kwenye mafuta, ukiikandamiza kwenye jeraha mafuta yanafukuza damu na chembe zinashika. Na kome naye ana siri yake tofauti, ila mke wangu ameshaniuliza mara mbili naandika nini, nitarudi.

BodaWaKizuiani

Narudisha mrejesho wakuu. Pepopunda nimechomwa, bega linauma kuliko goti. Nimefunga kama dada nesi alivyosema, goti nimelikunja nusu, bandeji kama namba 8, leo siku ya tatu nimeenda Kariakoo na kurudi mara sijui ngapi na gozi liko palepale. Ule mchaniko umeanza kufunga, unawasha ndo dalili nzuri nadhani, dada nesi utanisahihisha. Binamu nimemwambia video yake ni mbili, kakasirika, anasema nimlete mwalimu.

Supagluu nilishainunua lakini. Nimegundishia saiti mira.